Nani Kamuua Marehemu? Muulizeni Binti wa Bandeji

Mwaka juzi niliitwa kwenye nyumba moja ya kupanga huko Ntinda, Kampala, nikanyooshe Kiswahili. Sebule ilikuwa imegeuzwa kituo cha polisi: meza ya mbao, benchi, picha ya Rais ukutani, na simu ya mezani ambayo waya wake uliishia chini ya zulia. Iliyokuwa ikirekodiwa ni tamthilia ya uhalifu ya vipindi sita. Mazungumzo karibu yote yalikuwa ya Kiganda na Kiingereza, ila afande mkuu alipopandwa na hasira alitakiwa afoke kwa Kiswahili. Kwenye skripti aliandikiwa hivi: "Wewe jina yako nani? Sema kweli ama nakuchapa."

Nikatoa kalamu nyekundu, ugonjwa wetu walimu, nikaandika pembeni: "Unaitwa nani? Sema ukweli, la sivyo utajuta." Kando yangu alikaa mzee mmoja, polisi mstaafu aliyeletwa kuelekeza mambo ya saluti na vyeo. Akasoma, akacheka kwa puani. "Mwalimu," akasema, "afande akiongea hivyo mwizi atadhani kaletewa mhubiri."

Nikafuta masahihisho yangu. Siku mbili zilizobaki nilitazama zaidi kuliko nilivyofanya kazi, na kilichonikaa kichwani mpaka leo ni bandeji.

Mshukiwa, katika hadithi, alijikata na kioo cha dirisha alipokuwa akitoroka. Asubuhi bandeji ilikuwa mkono wa kushoto. Baada ya chakula cha mchana ilikuwa mkono wa kulia. Mwongozaji hakuona, mpiga picha hakuona, hata mwigizaji mwenyewe, mwenye mikono, hakuona. Aliyeona ni kijana aliyetuletea rolex, zile chapati zetu zenye mayai ndani, naye alisema kwa furaha ya mtu aliyefumbua fumbo: "Ahaa, kumbe huyu anadanganya! Hakuumia!"

Aliyepaswa kulinda mwendelezo, yaani kuhakikisha kila kitu kinabaki kilivyokuwa kutoka picha moja hadi nyingine, alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu. Ndiye pia aliyepaka waigizaji poda. Ndiye aliyepiga ubao mbele ya kamera kabla ya kila picha. Na ndiye aliyechemsha damu, ambayo ilikuwa sukari, rangi ya keki na kakao kidogo ya kuipa uzito. Wakati bandeji ilipohama, alikuwa uani akifukuza nzi kwenye sufuria ya damu.

Yule kijana wa rolex simwoni kuwa mjinga. Ni mtazamaji aliyefunzwa vizuri. Tamthilia ya mapenzi inamwomba mtazamaji ahisi, na bandeji ikihama atacheka aendelee. Tamthilia ya uhalifu inamfundisha jambo jingine: usiamini, tazama kila kitu, saa iliyosimama, kikombe cha pili mezani, tope kwenye kiatu. Ukishamfundisha hivyo huwezi tena kumwambia, samahani, lile tope halikuwa na maana, lilitoka kwenye uwanja wa jirani. Kwa hiyo nafasi inayoonekana ndogo kabisa kwenye orodha ya wafanyakazi, ya mtu mwenye daftari na simu ya kupigia picha, ndiyo inayobeba mkataba wote kati ya tamthilia na mtazamaji.

Waandishi wetu wanaambiwa kila siku kwamba hadithi zao dhaifu. Wakati mwingine ni kweli. Lakini nikitazama kazi nyingi za uhalifu zinazotengenezwa hapa naona tatizo limekaa kwingine. Tumeazima sura ya tamthilia za Marekani bila kuazima kazi zinazoishikilia sura hiyo. Nyingi ya zile tunazoziita kanuni, maiti ya mwanzoni, wapelelezi wawili, maabara, chumba cha mahojiano, ni majibu ya matatizo ya watu wa nyuma ya kamera, matatizo ambayo si yetu.

Maiti inapatikana dakika ya kwanza au ya pili, na anayeiona ni mpita njia aliyekuwa akibishana na mwenzake juu ya mambo yao ya nyumbani. Tumeizoea mno tunadhani ni sheria ya sanaa. Ni sheria ya matangazo ya biashara. Saa moja ya kipindi kwenye vituo vikubwa vya Marekani ina dakika arobaini na kitu tu za hadithi, zilizobaki ni za sabuni na magari, na kabla ya kila tangazo lazima mtazamaji aachwe roho juu asije akabadili chaneli. Law & Order, iliyoanza mwaka 1990, ilikwenda mbali zaidi, ikaigawa saa nzima katikati: nusu ya kwanza polisi, nusu ya pili waendesha mashtaka. Mgawo huo umejengwa kama ratiba ya kiwanda. Ukijua wapi tangazo linaingia, unajua wapi shahidi atabadili maneno yake.

Sasa mwongozaji wa Kampala anayetengeneza kazi ya kuwekwa mtandaoni, isiyokatwa na tangazo lolote, kwa nini naye anamtupa marehemu kwenye mtaro dakika ya pili? Kwa sababu ameona wengine wakifanya hivyo. Angeweza kukaa na marehemu akiwa hai nusu saa nzima, tumpende, tujue anadaiwa na nani na anagombana na nani juu ya mpaka wa shamba. Mauaji mengi yanayoandikwa magazetini kwetu yana ardhi ndani yake, na ugomvi wa ardhi hauanzi na maiti. Unaanza na mti uliokatwa.

Chumba cha mahojiano nacho ninakisifu, maana ni ujanja wa mhasibu uliogeuka sanaa: meza, viti viwili, taa moja, kuta nne. Hakuna kufunga barabara, hakuna kuhamisha magari ya vifaa, na unaweza kurekodi kurasa kumi za skripti kwa siku moja. Kanuni hii ingetufaa sana sisi, na ndiyo maana inashangaza tunavyoiharibu. Tunakirekodi chumba hicho kwenye nyumba yenye paa la bati bila dari, mita ishirini kutoka steji ya boda boda. Mvua ikinyesha upelelezi unasimama. Jirani akiwasha jenereta, mshukiwa ananyamaza kabla hata hajashauriwa na wakili. Nimeona fundi sauti, kijana mtulivu mwenye maikrofoni kwenye mti mrefu, akiinua mkono mara kumi na moja kwa sini, yaani onyesho moja, ya dakika mbili, mara moja kwa ajili ya karoli, yule korongo mwenye upara, aliyekuwa akitembea juu ya bati kama mwenye nyumba. Mtafuta maeneo ya kurekodia angemaliza shida hiyo kwa ziara moja ya asubuhi. Hatukuwa naye. Tulikuwa na mjomba wa mtayarishaji, mwenye nyumba ya bure.

Maabara ni habari nyingine. Tamthilia ya CSI ilipoanza mwaka 2000 ilimtoa fundi wa maabara nyuma ya pazia ikamfanya nyota, na jibu la vinasaba likawa linatoka kabla chai haijapoa. Wanasheria wa Marekani wakaanza kulalamika kwamba wazee wa baraza wao, wale raia wanaoamua kesi, wanadai vinasaba hata kwa wizi wa kawaida. Huku kwetu sampuli zinakwenda Maabara ya Serikali pale Wandegeya, na mtu yeyote aliyewahi kufuatilia kesi ya ndugu yake anajua neno "tunasubiri ripoti" lina uzito gani. Kusubiri huko ndiko kwenye hadithi. Mama anayekuja kila Jumatatu kuuliza, karani anayemjua tayari kwa jina, mpelelezi anayejifanya yuko kwenye simu. Badala yake tunaona kijana aliyevaa koti jeupe akitazama skrini ya bluu, akisema "tumempata". Mahakamani nako mambo ni yale yale. Jaji anagonga nyundo, wakati hata Waingereza waliotuachia mfumo wa mahakama majaji wao hawagongi nyundo, na wakili anageukia baraza la raia kumi na wawili ambalo sisi hatuna.

Nani angezuia hayo? Si mwandishi peke yake. Ni mtu anayeitwa mshauri wa taaluma, na nyuma yake kuna meza ya waandishi. Tamthilia ya The Wire, iliyorushwa kuanzia mwaka 2002 hadi 2008, ilibuniwa na David Simon, aliyekuwa mwandishi wa habari za polisi wa gazeti la Baltimore Sun, akiwa pamoja na Ed Burns, mpelelezi wa zamani wa jiji hilo hilo. Ndiyo maana karatasi, vibali na ukosefu wa magari ndani yake vina nguvu kuliko risasi. Sisi tuna mastaa wetu wa aina hiyo, waandishi wa habari za mahakama, makarani, mapolisi wastaafu. Yule mzee wa Ntinda alilipwa nauli na chakula kuelekeza saluti. Hakuna aliyemuuliza lolote kuhusu upelelezi.

Kuna cheo kimoja ambacho Kiswahili hakijakipa jina zuri: mwandishi mkuu anayeimiliki tamthilia nzima kwa maana ya kazi, anayeajiri waandishi wengine, anayepitisha waigizaji, anayekaa na mhariri mpaka usiku. Kwenye sinema mwongozaji ni mfalme. Kwenye tamthilia za runinga za Marekani mwongozaji mara nyingi ni mgeni, anaongoza kipindi cha tatu, mwenzake anakuja kuongoza cha nne, na anayebaki ni mwandishi mkuu. Ndiye anayekumbuka kwamba kwenye kipindi cha kwanza shahidi alisema gari lilikuwa jeupe. Kampala tumechukua desturi ya sinema tukaiweka kwenye tamthilia: mwenye kamera ndiye mwongozaji, ndiye mwandishi, ndiye dereva, na akichoka gari linabadilika rangi.

Mtu anaweza kusema hii ni lawama ya mwenye kushiba. Bajeti ziko wapi? Hoja hiyo naiheshimu. Kule Wakaliga, kwenye viunga vya Kampala, Isaac Nabwana na wenzake wamejulikana duniani kwa filamu za mapigano zenye bunduki za mbao na vyuma chakavu, na sioni aibu yoyote hapo. Wao wamekubali umaskini wa vifaa wakaufanya kicheko, na juu yake wakaweka sauti ya VJ, msimulizi anayetania filamu hiyo hiyo inapoendelea. Lakini kicheko kina ruhusa ambayo fumbo halina. Anayecheka anasamehe bunduki ya mbao. Anayepeleleza pamoja na wewe hasamehi kitu.

Isitoshe, kubana kazi mbili kwenye mtu mmoja si tabia ya maskini tu. Mwezi Oktoba 2021, kwenye utengenezaji wa filamu ya Rust huko New Mexico, bunduki iliyokuwa na risasi ya kweli ilimuua mpiga picha mkuu, Halyna Hutchins. Mtunza silaha wa filamu hiyo, ambaye alikuwa amepewa pia kazi ya kusaidia vifaa vingine, alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia mwaka 2024. Pesa zilikuwepo. Mgawanyo wa kazi ndio ulioyumba.

Kwetu silaha na sare zina hatari yake. Mtu wa maleba anayeshona gwanda la jeshi anapaswa kujua sheria kabla ya kujua mkasi, maana raia hana ruhusa ya kuwa na mavazi ya jeshi, na mwaka 2019 jeshi lilichapisha rasmi orodha ya mavazi yake, bereti nyekundu ikiwemo. Kijana wa kuigiza akitoka kwenda kununua soda akiwa na gwanda, hadithi inaweza kuhamia kituo cha polisi cha kweli.

Tuna nini, basi, ambacho ni chetu? Nianze na saa. Tamthilia ya uhalifu inahitaji saa inayokimbia, na Wamarekani huitunga: bomu, meya anayepiga simu, mpelelezi mwenye wiki moja kabla ya kustaafu. Sisi tumepewa saa na Katiba. Ibara ya 23 ya Katiba ya mwaka 1995 inataka mshukiwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita tangu akamatwe. Saa 48! Hiyo ni vipindi sita vilivyojipanga vyenyewe, na swali la nini kinatokea saa ya 49 mtazamaji wa Uganda hahitaji kuelezwa.

Kisha kuna ungamo. Sheria yetu ya ushahidi haikubali ungamo la mtu aliye mikononi mwa polisi isipokuwa limetolewa mbele ya afisa wa cheo cha inspekta msaidizi kwenda juu, au mbele ya hakimu. Na mahakama zimesisitiza liandikwe kwa lugha aliyoitumia mshukiwa, ndipo litafsiriwe Kiingereza. Fikirieni sini hiyo. Usiku, mshukiwa anataka kusema kila kitu, na kwenye kituo yupo konstebo peke yake, mwenye vyeo amekwenda mazishini Mbarara. Konstebo anampigia simu, anampa maji mshukiwa, anamwomba asiongee. Mpelelezi anayemsihi mshukiwa anyamaze! Au mshukiwa anaongea Kilugbara na afisa pekee aliyepo anatoka Busoga, wakabaki na Kiswahili cha kubahatisha, na neno moja lililotafsiriwa ovyo ndilo litakalovunja kesi miezi minane baadaye. Hakuna gari linalolipuka hapo, na sihitaji lilipuke.

Kuna mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa au kijiji, ambaye hufika kwenye tukio kabla ya polisi, anamjua kila mpangaji, ana muhuri mfukoni na pengine ana lake la kuficha. Kwa tamthilia ya Kiingereza ya kijijini huyo angekuwa padri au karani wa posta. Na kuna mbwa wa polisi. Vijijini watu huzuia wenzao wasikanyage eneo la tukio ili mbwa asipoteze harufu, wanajipanga kando ya njia ya shamba la migomba, na mbwa anapoanza kutembea kila mtu anaomba Mungu asigeukie kwake. Mahakama zimeonya kwamba ushahidi wa mbwa upokewe kwa tahadhari kubwa. Kijiji hakijasoma hukumu hizo. Mbwa akilala mbele ya mlango wako, umekwisha. Sijaona tamthilia iliyompa mbwa huyo hata kipindi kimoja, na kila nikifikiri nashindwa kuelewa kwa nini.

Mbio za magari tuziache kwa wenye barabara. Joan Kagezi, mwendesha mashtaka, aliuawa mwaka 2015, na Andrew Felix Kaweesi, afisa wa ngazi ya juu wa polisi, aliuawa mwaka 2017, wote kwa risasi za watu waliokuja kwa pikipiki. Tangu hapo sauti ya pikipiki inayopunguza mwendo nyuma ya gari ina maana yake Kampala. Fundi sauti mwenye akili angeijenga hofu yote ya kipindi kwa sauti hiyo peke yake. Ni kazi yake, si ya mwandishi, na hiyo ndiyo tofauti ninayojaribu kuieleza tangu mwanzo.

Narudi kwenye Kiswahili, maana ndicho kilichonipeleka Ntinda. Kwenye tamthilia zetu Kiswahili ni maleba. Kinavaliwa na afande na jambazi. Mama hakitumii kumbembeleza mtoto, wakili hakitumii, kijana hatongozi nacho. Mtazamaji akisikia "lala chini!" anajua bunduki imeingia chumbani. Historia ya hili haikuanzia kwenye runinga. Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi na vituo, Idi Amin akakitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na watu wakakisikia kwanza mlangoni usiku. Waliokua miaka ile hawakusahau maneno "panda gari" ya askari waliokuja kukamata. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kiwe somo la lazima shuleni. Hayo yote yapo kwenye karatasi, ila sikio la mtazamaji halijabadilishwa na karatasi, na wanaolishika sikio hilo kwa sasa ni waandishi wa tamthilia.

Nilipofuta kalamu yangu nyekundu siku ile nilikubali kwamba mzee alikuwa sahihi kuhusu afande. Sikubali kwamba afande ndiye mwisho wa habari. Shahidi wa soko la Owino mwenye asili ya Kongo, dereva wa lori aliyelala mpakani Malaba siku tatu, muuza samaki kutoka Panyimur, hawa wote wanaongea Kiswahili kila siku bila kumtisha mtu. Wakiandikwa, mtazamaji atapoteza ile njia rahisi ya kumtambua mhalifu kwa lugha, na mwandishi wa mafumbo hahitaji zawadi kubwa kuliko hiyo. Nilimwambia hivyo mwongozaji. Alisema ni wazo zuri, akaniuliza kama naweza kusogeza taa.

Jioni ya mwisho mvua ilitukuta katikati ya sini ya mahojiano. Tuliketi, watu kumi na wanne, bati likinguruma, na yule mzee mstaafu akaanza kusimulia jinsi alivyowahi kumhoji mtu usiku kucha bila kumuuliza swali hata moja, akimpa chai tu na kuzungumza naye habari za ng'ombe. Mwandishi alikuwa amelala kwenye kiti. Binti wa mwendelezo ndiye aliyekuwa akiandika, kwenye kurasa za nyuma za daftari lake. Mvua ilipokatika, saa mbili usiku, fundi sauti akainua kidole gumba. Binti akafungua simu, akatazama picha aliyopiga asubuhi ile, akamwendea mshukiwa na kumhamishia bandeji mkono wa kushoto.